Kuondoa uchafu ulioganda kwenye rangi ya gari kabla ya polishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gari limeoshwa, limefutwa, linavutia kwa mbali. Ukipitisha kiganja kwenye boneti, unakuta kumejaa chembechembe. Maswali mengi kuhusu maandalizi ya polishi huanzia hapo, na mengi yanahusu kifaa gani cha kununua. Jibu linategemea uchafu uliopo, si umaarufu wa kifaa. Kwa hiyo kabla ya kufika kwenye vifaa, soma kwanza sehemu ya msingi na ile ya dawa. Huenda ukagundua kuwa kifaa ulichotaka kununua hukihitaji.

## Mambo ya msingi

Nimeliosha gari vizuri kabisa. Uchafu gani tena umebaki?

Kuosha kunaondoa kilichokaa juu juu: vumbi, tope, mafuta mepesi. Kilichoshika hubaki. Humo kuna vumbi la chuma, matone ya lami, utomvu wa miti, chembe za saruji, madini yaliyoachwa na maji yaliyokauka, na ukungu wa rangi uliopeperushwa na upepo kutoka mahali palipokuwa pakipulizwa rangi.

Sugu kuliko wote ni vumbi la chuma. Pedi za breki zinapobana diski, chembe ndogo za chuma huruka zikiwa za moto na kutua kwenye rangi. Reli za treni na mashine za kukatia chuma hufanya vivyo hivyo. Chembe ikishajishikiza hupata unyevu na kuanza kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana chembe iliyoachwa muda mrefu huweza kuipasua klia, yaani lile tabaka la juu lisilo na rangi, na kuteremka chini yake. Kwenye gari jeupe utaiona kama nukta ya rangi ya chungwa. Kwenye gari jeusi ipo vilevile, ila macho hayaioni.

Nitajuaje kama gari langu linahitaji kazi hii?

Osha gari, likiwa bado na maji ingiza mkono kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, kisha pitisha ncha za vidole taratibu juu ya rangi. Plastiki hupunguza msuguano wa ngozi, kwa hiyo vidole husikia hata chembe ambazo mkono mtupu ungezipita. Rangi safi huteleza kama kioo. Rangi chafu husikika kama msasa laini, na mara nyingi hutoa hata sauti ya kukwaruza.

Usipime mahali pamoja tu. Paa na boneti hupokea kinachoanguka kutoka juu. Sehemu ya chini ya milango na bampa la nyuma hupokea lami na vumbi la breki. Ni kawaida kabisa kukuta milango ni safi kwa juu na mibaya kwa chini. Hilo litakusaidia baadaye, kwa sababu hakuna sheria inayokulazimisha kusugua gari zima.

Kwani polishi yenyewe haitaondoa uchafu huo?

Itaondoa kiasi, na itakuharibia kazi. Polishi imetengenezwa kusawazisha uso wa klia. Pedi inapopita juu ya chembe ya chuma, ama inairuka na kuiacha pale pale, ama inaing'oa na kuibeba. Chembe iliyobebwa na pedi inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika huchora mikwaruzo ya duara, ile ile uliyokuwa unataka kuiondoa. Utalaumu pedi, utalaumu dawa, utabadilisha mashine, kumbe tatizo lilikuwepo kabla hujawasha swichi.

Udongo wa kusafishia rangi ni kitu gani hasa?

Ni bonge laini linalonyumbulika, limetengenezwa kwa utomvu wa kiwandani uliochanganywa na unga mwembamba wa kusagia. Sio udongo wa shambani wala ule wa watoto wa kuchezea. Mjapani Tadao Kodate alipata hataza yake nchini Marekani mwaka 1995, na hati hiyo inakiita jiwe la kusagia linalonyumbulika. Maelezo hayo ni sahihi kuliko matangazo mengi: udongo husaga. Unapoteleza juu ya rangi yenye utelezi wa kutosha, hugusa tu kile kilichochomoza, hukikata au kukinyakua, na kukificha ndani ya mwili wake.

Kwa kuwa husaga, unaweza pia kuacha alama. Hilo linaamua mambo mengi yanayofuata.

Udongo unaondoa mikwaruzo?

Hapana. Unaondoa kilicho juu ya rangi. Mkwaruzo ni kitu kilichopungua kwenye rangi. Mkwaruzo ni kazi ya polishi.

## Dawa zitangulie

Mpangilio sahihi ni upi?

Suuza kwa maji mengi, osha kwa shampuu ya gari, puliza dawa ya kuondoa chuma na uisuuze, shughulikia lami na utomvu, osha tena haraka, halafu ndipo ushike udongo au kifaa kingine cha kusugulia. Baada ya hapo suuza, kausha, kagua kwa taa, anza polishi.

Wengi huanza na udongo kwa sababu ndio unaoonekana kama kazi. Lakini kila chembe inayoyeyushwa na dawa ni chembe ambayo udongo hautaiburuza juu ya rangi yako. Nasisitiza hili kuliko jambo lingine lolote katika ukurasa huu: dawa ikifanya kazi yake, kifaa cha kusugulia kinabaki na kazi ndogo, na unaweza kuchagua kilicho kipole zaidi.

Dawa ya kuondoa chuma inafanyaje kazi, na kwa nini inageuka zambarau?

Nyingi zina chumvi za asidi ya thioglikoli. Kemikali hiyo hushikana na chuma na kukifanya kiyeyuke kwenye maji, na mchanganyiko unaozaliwa una rangi nyekundu hadi zambarau. Ukiona michirizi ya zambarau ikiteremka mlangoni, unaona chuma kikitoka. Harufu yake mbaya inatokana na salfa. Kemikali za jamaa hiyo hiyo hutumika kwenye dawa za kutia nywele mawimbi, na aliyewahi kukaa saluni wakati zinapakwa ataitambua papo hapo.

Puliza kwenye bodi iliyopoa, kivulini, iache dakika tatu hadi tano au kama chupa inavyoelekeza, kisha isuuze yote kabla haijakauka. Vaa glavu, linda macho, fanyia kazi mahali penye hewa. Usiichanganye na dawa nyingine yoyote. Chembe zilizozama sana huhitaji awamu ya pili, kwa sababu dawa hula sehemu iliyo wazi tu.

Michirizi isipoonekana, usikimbilie kumwaga chupa nzima. Huenda gari halina chuma kingi, na kile unachokihisi kwa vidole ni kitu kingine.

Lami je?

Lami ni mafuta mazito, kwa hiyo huyeyushwa na kiyeyusho, si kwa kusugua. Tumia dawa ya lami: pulizia au weka kwenye kitambaa cha maikrofaiba, kilaze juu ya doa kwa dakika moja, kisha futa kwa wepesi. Tone likiyeyuka hugeuka mchirizi wa kahawia. Hamia upande safi wa kitambaa kila mara, kwani ndani ya lami mara nyingi mna punje za mchanga. Ukisugua kwa nguvu, ni mchanga huo unaousugua.

Dawa hizi hung'oa pia nta na kinga nyingine yoyote iliyokuwepo. Kwa anayekwenda kupiga polishi, hilo si hasara. Lakini zioshe zote kwa shampuu kabla ya kushika udongo; kiyeyusho kilichobaki huulainisha udongo ukaanza kupaka utando unaonata.

Naweza kutumia mafuta ya taa, petroli au thina?

Mafuta ya taa huyeyusha lami kweli, lakini huacha utando wa mafuta unaohitaji kuoshwa kwa makini, na si rafiki wa mipira ya milango. Petroli ni hatari ya moto na mvuke wake ni sumu, iache. Thina ya rangi usiiguse kabisa: inaweza isiidhuru rangi ya kiwandani kwa mguso mfupi, lakini rangi iliyopulizwa upya gereji, hasa isiyo na kigumuishi, yaani kemikali inayochanganywa na rangi ili ikauke na kuwa ngumu, inaweza kulainika na kuvimba mbele ya macho yako. Huwezi kujua kwa kuangalia tu ni bodi gani iliwahi kupulizwa upya.

Utomvu wa miti umekuwa mgumu kama kioo. Nifanye nini?

Alkoholi ya aisopropili. Loanisha kipande cha kitambaa, kilaze juu ya utomvu, subiri ulainike, futa. Rudia badala ya kukwangua. Utomvu mbichi hutoka kwa maji ya moto na shampuu.

Madoa ya maji hayatoki kwa shampuu wala kwa udongo. Kwa nini?

Kuna aina mbili na zinafanana sana. Ya kwanza ni madini, hasa kalsiamu na magnesiamu, yaliyobaki baada ya maji magumu kukauka juani. Hayo huyeyushwa na asidi nyepesi. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa hutosha mara nyingi: laza kitambaa kilicholowa kwa dakika moja au mbili, suuza vizuri. Kamwe usitumie siki au asidi yoyote mahali penye masalia ya dawa ya kufulia yenye klorini, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Aina ya pili ni tundu. Madini au kinyesi cha ndege kilikaa mpaka kikaila klia, na unachokiona ni kingo za shimo dogo. Hakuna dawa wala udongo wa kujaza shimo. Kama siki haikubadilisha kitu, acha kupoteza nguvu. Hilo ni suala la polishi, na pengine hata polishi haitalimaliza.

Dawa zimefanya kazi vizuri. Bado nahitaji kusugua?

Rudia jaribio la mfuko wa plastiki. Bodi iliyo laini, iache. Iliyobaki na chembe, isugue. Ukungu wa rangi, kwa mfano, hauyeyuki kwa dawa ya chuma wala ya lami isipokuwa ukiwa mbichi, na huo ndio uchafu ambao udongo unauweza kuliko kitu kingine chochote.

## Kuchagua kifaa

Kipande cha udongo, glavu, taulo au diski ya mashine: kipi bora?

Vyote vinafanya kazi moja kwa tabia tofauti, kwa hiyo nitaeleza tabia.

Kipande cha udongo ndicho kinachokupa hisia nyingi zaidi. Ukikibonyeza kikawa bapa kama kiganja bila vidole, unasikia kila chembe kupitia kwake, unaona uchafu ulioushika, na unaweza kukikunja kufuata kingo za taa, mishikio ya milango na kona za bampa. Ukikikanda unapata uso mpya. Udhaifu wake ni mwendo wa polepole, na kwamba kikianguka chini safari yake imekwisha. Kwa mtu anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza, au mwenye gari moja, ningechagua hiki bila kusita.

Glavu na taulo zina tabaka la mpira wa kiwandani upande mmoja, lenye uwezo wa kunyakua uchafu kama udongo. Hukimbia. Paa la gari kubwa ambalo kwa kipande lingekuchukua muda mrefu humalizika haraka sana, na kifaa kikianguka unakisuuza na kuendelea. Hudumu pia. Lakini mkono umefunikwa na kitambaa kinene, hisia hupungua, na eneo pana linalogusa rangi humaanisha kwamba chembe kubwa moja iliyonaswa inaburuzwa mbali kabla hujaitambua. Taulo ina nafuu kidogo kuliko glavu kwa sababu unaweza kuikunja na kubadilisha upande. Zote mbili hazifai kwenye kona.

Kuna jambo ambalo maelekezo ya kwenye boksi huwa yanalipitia juu juu: glavu au taulo mpya huwa na utando kutoka kiwandani unaoweza kuchafua rangi au kuacha alama. Isugue kwanza kwenye kioo cha dirisha kilicholowa maji ya shampuu, mara kadhaa mpaka iteleze sawasawa, ndipo uipeleke kwenye rangi.

Sponji lenye uso wa mpira liko katikati. Linashikika vizuri na ni zuri kwa bodi tambarare.

Diski ya mashine ni kifaa cha fundi mwenye magari mengi. Hufungwa kwenye mashine ya polishi inayozunguka huku ikiyumba, kwa mwendo wa chini, bila kukandamiza, huku ukiongeza utelezi kila wakati. Usiifunge kwenye mashine inayozunguka tu mahali pamoja, kwa sababu joto hupanda upesi. Diski huacha alama nyingi kuliko vyote vilivyotajwa, kwa hiyo ina maana pale tu unapojua kwamba polishi nzito inafuata kwenye bodi nzima.

Mafundi wengi huishia kuwa na viwili: taulo au sponji kwa paa, boneti na milango, na kipande cha udongo kwa kingo na kwa sehemu zenye uchafu sugu. Mpangilio huo ni wa busara.

Laini, wa kati au mkali: nichague daraja gani?

Laini. Kisha jaribu kwenye eneo dogo la chini ya mlango. Ukipita mara kadhaa na chembe bado zipo, rudia dawa ya chuma kabla ya kupanda daraja. Daraja la kati hufaa kwa gari lililokaa miaka bila kushughulikiwa na ambalo litapigwa polishi nzito. Daraja kali ni kwa ukungu mzito wa rangi na hali za namna hiyo. Linaacha weupe kama ukungu kwenye rangi, na weupe huo lazima uondolewe kwa polishi.

Usichague kwa kuangalia rangi ya udongo. Watengenezaji wengi hutumia buluu kwa laini na nyekundu kwa mkali, lakini hakuna kanuni inayowabana. Soma maandishi.

Je, aina ya polishi ninayokwenda kupiga inabadilisha chaguo?

Sana. Kama unapanga polishi nzito ya kukata halafu ya kumalizia, alama ndogo za udongo hazikusumbui. Zitaondoka pamoja na mikwaruzo mingine. Kama unapanga polishi laini tu, au waksi peke yake, basi kila alama utakayoiacha itabaki nawe. Hapo tumia udongo laini kabisa, utelezi mwingi, na uguse mahali penye uchafu tu. Magari meusi na yenye klia laini huonyesha alama upesi. Meupe na ya fedha huficha.

Kumbuka pia kwamba klia si nene. Kwenye magari mengi ya kisasa ni takriban mikroni 40 hadi 50 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa binadamu una kipenyo cha mikroni 70 hivi. Udongo wenyewe hupunguza kidogo mno. Polishi nzito ya kufuta alama zilizoletwa na udongo mkali hupunguza zaidi, na klia iliyoondoka hairudi.

Kilainishi gani nitumie?

Kilainishi kilichotengenezwa kwa udongo ndicho salama zaidi. Shampuu ya gari yenye utelezi mzuri, isiyo na nta, ikichanganywa na maji kwenye chupa ya kupulizia, hufanya kazi vizuri pia. Maji matupu hayatoshi. Sabuni ya vyombo hukata mafuta lakini haina utelezi wa kutosha, na ukianza kusikia udongo ukinata badala ya kuteleza, ndiyo sababu.

Kuhusu kiasi, kosa la kuzidisha halina madhara. La kupunguza linayo.

## Wakati wa kazi

Nisugue namna gani?

Gawa bodi katika maeneo ya nusu mita kwa nusu mita. Lowesha eneo na udongo wenyewe. Pitisha kwa mistari iliyonyooka, mbele na nyuma, kwa uzito wa vidole tu. Mwanzoni utasikia mkwaruzo na mkono utakuwa ukikwama kidogo. Baada ya kupita mara kadhaa sauti hukatika na udongo huteleza kana kwamba umeongezewa maji. Hapo eneo hilo limekwisha. Futa, hakikisha kwa kidole, sogea.

Usizungushe. Alama iliyonyooka ni rahisi kuiona na kuiondoa; ya duara hung'aa kwenye kila pembe ya jua.

Geuza udongo kila baada ya eneo. Angalia uso wake: nukta za kahawia ni chuma na lami, ute wa kijivu ni uchafu wa barabara. Ukande, uufiche uchafu ndani, utoe uso safi. Ukishakuwa na rangi moja ya tope hata baada ya kuukanda, ni wa kutupa. Ukiwa mgumu kwa baridi, uloweke dakika chache kwenye maji ya uvuguvugu.

Udongo umeanguka chini. Naweza kuuosha?

Tupa. Hakuna kuosha kunakotoa punje zote za mchanga, na moja inatosha. Kwa sababu hiyo kata kipande katika vipande viwili au vitatu kabla ya kuanza, usipoteze chote kwa mara moja. Glavu na taulo suuza kwa maji yenye nguvu, ukague uso mzima kwa macho na kidole kabla ya kuendelea.

Udongo unaacha utando unaonata kwenye rangi. Tatizo nini?

Mara nyingi bodi ina joto, au kuna masalia ya dawa ya lami (tazama swali la lami), au kilainishi ni kidogo. Hamia kivulini, osha bodi, ongeza utelezi. Utando uliobaki hutoka kwa kilainishi chenyewe na kitambaa safi, na ukikataa, kwa alkoholi.

Nimeacha alama na weupe kama ukungu. Nimeharibu rangi?

Hapana, ikiwa alama hazihisiki kwa ukucha. Piga eneo dogo la majaribio kwa polishi laini na pedi laini. Zikitoka, umepata jibu la gari zima. Zisipotoka, panda hatua moja.

Nifanye nini kati ya udongo na polishi?

Suuza gari zima, kausha, puliza hewa kwenye mianya ya taa na vioo ili maji machafu yasije yakadondoka wakati wa polishi. Futa kwa alkoholi iliyozimuliwa ili kuondoa kilainishi, kwa sababu kilainishi huficha mikwaruzo na utadhani rangi ni nzuri kuliko ilivyo. Funika kwa utepe mipira na plastiki nyeusi zisizopakwa rangi. Ukipata kipimo cha unene wa rangi, huu ndio wakati wa kukitumia.

Udongo utunzwe vipi, na kazi hii ifanyike mara ngapi?

Ulowanishe kwa kilainishi na uufunge kwenye chombo chenye mfuniko, ukikauka hupasuka. Glavu na taulo zikaushe kivulini, na pande zenye mpira zisigusane. Kuhusu mara ngapi: vidole viamue, si kalenda. Kwa wengi ni mara moja au mbili kwa mwaka. Anayesugua kila anapoosha anachakaza rangi bila faida.

## Hali za pekee

Gari ni jipya kabisa. Linahitaji?

Mara nyingi ndiyo. Magari mapya husafirishwa kwa treni na meli na kukaa nje kwenye viwanja kwa muda. Lipime kama gari lingine lolote.

Gari limepulizwa rangi upya hivi karibuni?

Rangi ya gereji huendelea kukomaa kwa wiki kadhaa baada ya kuonekana kavu. Muulize aliyepuliza alitumia rangi na kigumuishi gani na kama ilikaushwa kwa joto. Kabla haijakomaa, osha kwa shampuu tu.

Gari la zamani lisilo na klia: udongo unatoka na rangi ya gari.

Hiyo ni rangi iliyochoka na kugeuka unga juu. Si ajali. Endelea kwa udongo laini na mkono mwepesi, ila ujaribu dawa ya chuma mahali palipofichika kwanza.

Rangi ya mati, yaani isiyong'aa?

Usisugue. Udongo na polishi hulainisha uso na kuacha mabaka yanayong'aa, na hakuna polishi ya kuyarudisha yalivyokuwa. Tumia dawa tu, zile ambazo chupa zake zinasema zinafaa kwa mati.

Gari lina kotingi ya seramiki (tabaka gumu la kinga linalopakwa juu ya klia) au filamu ya kulinda rangi.

Kwa kotingi, anza na dawa ya chuma na ya madini, maana mara nyingi kotingi inayoonekana imekufa ni kotingi iliyozibwa na uchafu. Udongo huififisha. Kama unakwenda kupiga polishi, kotingi itaondoka hata hivyo, kwa hiyo usiihurumie. Filamu inayong'aa huvumilia udongo laini wenye utelezi mwingi. Kaa mbali na kingo, usije ukazifumua.

Vioo, taa na rimu?

Vioo huupenda udongo, na wiper inayoruka-ruka mara nyingi hutulia baada ya kioo cha mbele kusuguliwa. Taa za plastiki zisugue kwa wepesi na uziepushe na dawa ya lami, kwani viyeyusho huweza kuzipasua nyufa ndogondogo. Rimu zina vumbi la chuma kuliko sehemu yoyote. Dawa ya chuma ndiyo kazi yake hasa, lakini epuka chuma au alumini tupu isiyo na tabaka la kinga. Kipande kilichogusa rimu kisirudi kwenye rangi ya bodi.

Matone ya saruji?

Usiyakwangue. Yalainishe kwa dawa ya asidi iliyotengenezwa kwa saruji, au siki kwa matone madogo, kwa kurudia taratibu mpaka yavunjike yenyewe. Chini yake mara nyingi klia imeshaliwa, kama ilivyoelezwa kwenye swali la madoa ya maji.

Nukta za chungwa zimerudi wiki chache baada ya kazi.

Ama mizizi ya chembe ilibaki, kwa sababu udongo ulikata kichwa tu na kuacha sehemu iliyozama, ama gari linaegeshwa karibu na chanzo cha chuma. Rudia dawa ya chuma mara mbili kwenye nukta hizo, bila udongo. Nukta ikibaki mahali pale pale na ukucha ukikwama juu yake, kuna uwezekano kwamba kutu inatoka chini, kwenye bati lenyewe, kupitia mahali rangi ilipotobolewa na jiwe. Hiyo haitibiwi kwa dawa wala polishi. Inahitaji kusafishwa mpaka kwenye bati na kufunikwa upya kwa rangi ya msingi, rangi na klia, na ikifanyika mapema ni kazi ya mahali padogo tu.